Fundi Alivyoshuka Kabla ya Bandari ya Mwisho

Fundi hakuwa na gari wala baiskeli. Hakuwa na jino moja la mbele, na kwa sababu hiyo hakuwa na picha hata moja aliyopiga akicheka. Hakuwa na simu. Simu ya nyumba ilikaa mkobani mwa mkewe. Hakuwa na cheti cha ushonaji, ingawa mabwana harusi wengi wa mtaa wao walioa wakiwa ndani ya suti zake. Hakuwa na utepe wa kupimia, maana mteja alipimwa kwa macho akiwa bado mlangoni, na aliyerudi kulalamika kwamba suruali inabana aliambiwa apunguze kula. Na juu ya yote hayo, hakuwa na tabia ya kuuliza. Tangu ujana wake aliamini kwamba mtu anayeuliza anatangaza ujinga wake bure, na yeye hakuwa mtu wa kutoa kitu bure.

Alichokuwa nacho wiki hiyo ni chumba cha watu wawili ndani ya meli kubwa ya utalii, zawadi ya bahati nasibu ya kampuni ya nyuzi. Chumba hakikuwa na dirisha, lakini kilikuwa na mito minne kwa vichwa viwili, jambo lililomshangaza sana mkewe. Pembeni lilisimama sanduku lao kubwa. Ndani yake mlikuwa na nguo za mtoto ambaye hajazaliwa: mashati madogo, kofia, soksi, nepi za kitambaa laini, mablanketi mawili yaliyopindwa kwa mkono. Zote zilishonwa na Fundi, kwa ajili ya binti yao wa pekee, ambaye alikuwa amepata mimba baada ya kusubiri hadi majirani wakachoka kuulizia.

Mpango ulikuwa mwepesi. Wangesafiri mpaka bandari ya mwisho, kisha wapande basi warudi nyuma hadi mji anakoishi binti na mumewe, wafike wiki moja kabla ya siku yake ya kujifungua. Meli yenyewe ingepita katika mji huo huo njiani na kukaa kutwa, abiria washuke watembee, wanunue vinyago, warudi melini jioni.

Kisha simu ikalia wakiwa katikati ya bahari. Alikuwa mkwe wao.

"Shikamoo Mama. Usishtuke. Daktari amemlaza hospitali leo. Anasema presha imepanda kidogo, huenda wakamzalisha kesho."

"Kesho?" Mama Watoto aliketi kitandani. "Kesho meli si inafika hapo kwenu?"

"Inafika asubuhi, Mama. Anakuita. Anasema hatasukuma mpaka uwepo."

"Mwambie asiseme upuuzi. Mwambie nakuja."

Alikata simu, akamtazama mumewe, ambaye alikuwa akikagua mshono wa pazia.

"Kesho tunashuka," alisema.

"Nimesikia."

"Na vitu vya mtoto tunavyo. Kule hana hata soksi. Alisema hatanunua kitu, baba yake anashona."

"Nimesikia, Mama Watoto. Niache nifikiri."

*

Fundi alipata habari mbaya wakati wa chakula cha mchana, na hakuipata kwa kuuliza. Aliisikia tu. Mezani kwao alikaa mzee mmoja aliyestaafu kazi ya forodha, mtu aliyezungumza kwa sauti ya kukagua mizigo hata alipoomba chumvi. Alikuwa akimweleza mama aliyekaa kando yake.

"Mizigo yote humu imeandikiwa bandari ya mwisho," alisema Mstaafu wa Forodha. "Binadamu anaweza kushuka kutembea. Mzigo hauwezi. Ukishusha sanduku njiani, hayo ni magendo. Mimi nimewakamata watu hivyo miaka mingi."

"Hata begi la nguo?"

"Begi ndilo baya zaidi."

Fundi aliacha kutafuna. Mtu mwingine angeinuka, ashuke ghorofa moja hadi mapokezi, amwambie dada aliyekaa pale, "Binti yangu anajifungua, nifanyeje?" Wazo hilo halikumjia. Lililomjia lilikuwa zuri zaidi, kwa maoni yake, na alilitafuna pamoja na mkate hadi likawa tayari. Sheria ilikataza mizigo. Haikukataza nguo mwilini. Na nani katika meli hiyo nzima alijua zaidi habari za nguo na mwili?

Alirudi chumbani, akafunga mlango, akatundika makoti yake matatu ukutani.

"Nguo zetu zote tutashuka nazo mwilini," alimtangazia mkewe. "Sanduku litabaki hapa hapa. Na wewe vaa gauni zako zote."

"Gauni sita? Na jua hili?"

"Tano basi."

"Nitavaa moja, Baba Watoto. Na vitu vya mtoto?"

"Hivyo nimeshavipangia."

"Umevipanga?"

"Mama Watoto, unamwuliza fundi kuhusu nguo?"

Mama Watoto alichukua mkoba wake akatoka kupunga upepo. Hakupunga upepo. Alikwenda moja kwa moja mapokezi.

Dada wa mapokezi alimsikiliza mpaka mwisho, akampa pole na hongera kwa pamoja, akapiga simu mahali fulani, akaandika majina yao.

"Kesho asubuhi mchukuzi atakuja kuchukua sanduku lenu mlangoni, Mama. Mtapita mlango wa pembeni, mtapeana mikono na watu wa forodha, basi. Watu hushuka njiani kila safari. Mmoja akiugua, mwingine akipata msiba. Kosa ni kushuka bila kutuambia, maana jioni tunahesabu watu, tukikosa mmoja tunadhani ameanguka baharini."

"Kuna malipo?"

"Hakuna, Mama."

Aliporudi alimkuta mumewe amekaa sakafuni na koti limegeuzwa tumbo nje, bitana imefumuliwa, na mdomoni amebana pini. Hiyo ilikuwa mbinu ya Fundi tangu waoane. Mtu mwenye pini mdomoni haongeleshwi. Akijibu, anaweza kuzimeza. Mkewe alishawahi kukaa mwezi mzima bila kujibiwa kuhusu bati linalovuja.

"Nimetoka mapokezi," alisema Mama Watoto.

"Mm," alisema Fundi, akapunga mkono.

"Wamesema tunaweza—"

"Mm-mm." Mkono ulipungwa kwa nguvu zaidi.

"Baba Watoto, wamesema hakuna—"

Fundi aliinua kidole, akafumba macho, kama mtu anayehesabu jambo kubwa. Alikuwa akihesabu soksi. Mama Watoto alisimama akimwangalia. Alifikiria bati. Alifikiria mengine mengi ambayo hayana nafasi hapa.

"Haya," alisema. "Shona."

Akaenda kula keki juu, na hakurudi mpaka alipoona imetosha.

Huku nyuma Fundi alimaliza kazi yake. Kila kitu cha mtoto kiliingia ndani ya bitana za makoti matatu, kikashikizwa kwa mshono mdogo mdogo, blanketi mgongoni, nepi mabegani, kofia kifuani. Nyuzi alizikata kwa meno, upande ambao meno yalikuwepo, kwa kuwa mkasi na wembe wake vilizuiwa siku ya kupanda meli. Sanduku likabaki tupu, nalo hilo lilimpa wasiwasi. Mhudumu wa vyumba akiingia kufagia, akaliinua, atashangaa, na anayeshangaa huuliza. Fundi akachukua mito miwili kitandani, akaikandamiza ndani, akafunga zipu.

Alijiona ana akili sana.

*

Asubuhi alivaa bafuni na mlango umefungwa. Mashati manne, suruali tatu, makoti matatu moja juu ya jingine, la nje likiwa limepanuliwa pande zote. Alipotoka, alitoka ubavu, kwa sababu mlango wa bafu haukumtosha.

Mkewe alimtazama kwa muda mrefu.

"Unaweza kupumua?"

"Kwa zamu."

"Baba Watoto, kabla hujatoka, nisikilize dakika moja tu. Jana mapokezi—"

"Usinitaje mapokezi. Mimi natangulia. Wewe njoo baadaye, mikono mitupu, tusionekane tuko pamoja. Ukinikuta ngazini, usinisalimie."

"Nisikusalimie?"

"Hatujuani."

"Haya, mzee wangu," alisema Mama Watoto. "Hatujuani."

Fundi aliondoka, miguu imeachana. Dakika chache baadaye mchukuzi aligonga mlango, kijana wa kiume mwenye glavu, akainua sanduku kwa kidole.

"Mama, hili sanduku jepesi sana."

"Nguo za mtoto mchanga, mwanangu. Zitakuwa na uzito gani?"

*

Katika mlango wa kushukia palikuwa na mashine. Abiria aligusisha kadi, mashine ikalia, na picha yake ikatokea kwenye kioo mbele ya askari. Askari wa zamu alikuwa mwanamke mwenye miwani, asiyetabasamu kabla ya saa nne. Fundi aligusisha kadi. Mashine ikalia. Askari akatazama kioo, akamtazama Fundi, akarudi kwenye kioo.

"Mzee, hii ni picha yako?"

"Ni yangu."

"Ilipigwa lini?"

"Siku ya kupanda meli."

"Juzi?"

"Chakula chenu ni kizuri sana," alisema Fundi.

Watu waliokuwa nyuma kwenye foleni walicheka. Mmoja hakucheka. Alikuwa Mstaafu wa Forodha, na macho yake yaling'aa kama ya mtu aliyerudishwa kazini.

"Huyu nimekaa naye meza moja," alisema. "Jana mchana alikuwa mwembamba."

"Nilikula na usiku," alisema Fundi.

"Mzee, hebu njoo huku pembeni," alisema askari.

Pembeni palikuwa na kijumba kidogo chenye pazia na kiti kimoja. Askari alimwita mwenzake wa kiume aje kusimamia. Koti la kwanza lilitoka kwa shida. La pili lilikwama mabegani, likavutwa kupitia kichwani, na kwa kitambo Fundi alisimama gizani, mikono juu, akisikia sauti za watu wakipita nje ya pazia. Moja ya sauti hizo ilifanana sana na ya mkewe. Ilisema, "Asanteni sana, mbarikiwe." Aliifikiria, akaipuuza.

Askari alipapasa bitana.

"Kuna nini humu?"

"Pamba."

Askari alibonyeza, akavuta uzi uliolegea, na soksi moja ikachungulia. Ilikuwa na urefu wa kidole gumba. Aliiangalia, akaiangalia tena kupitia juu ya miwani.

"Ya nani hii?"

"Ya mjukuu."

"Yuko wapi?"

"Bado hajazaliwa."

"Mzee, unamficha mtu ambaye bado hajazaliwa?"

"Simfichi. Nampelekea nguo. Yuko katika mji huu, yaani mama yake yupo, leo ndiyo leo, na nyie mmekataza mizigo. Nguo mwilini si mzigo. Kama kuna sheria inayosema mtu avae makoti mangapi, nionyesheni."

Askari aliinua redio yake akataja namba ya chumba. Redio ilikoroma, ikajibu kwa sauti ya dada wa mapokezi, na Fundi akasikia kila neno, kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kujificha. Chumba hicho kiliomba ruhusa jana. Kiliruhusiwa. Bibi mwenye chumba ameshashuka na sanduku, amepita sasa hivi.

"Kwani hukuuliza mapokezi?" alisema askari.

Fundi alitazama soksi.

"Mkeo amepita hapa," askari wa kiume aliongeza. "Nilipokuwa naingia alionyesha kadi ya chumba hicho hicho, nikamwambia uko humu. Akasema hamjuani."

"Amesema kingine?"

Hilo lilikuwa swali, lakini lilimtoka bila yeye kujua.

"Amesema mkwe wenu amepiga simu, mtoto anatoka, hawezi kungoja mtu avue. Ukimaliza kuvua, umfuate hospitali."

Walimpa mfuko mkubwa wa plastiki atie nguo zake. Fundi aliutazama mfuko huo na kukataa. Bitana zilikuwa zimeshashonwa, hakuwa na kitu cha kukatia, na kukunja koti lililoshikizwa namna ile kungeharibu kazi. Aliomba asaidiwe kuvaa. Askari wote wawili walimsaidia, mmoja kila mkono, na yule mwenye miwani ndiye aliyemfunga kifungo cha mwisho. Ilikuwa imefika saa nne. Alitabasamu.

*

Jua la mji ule lilikuwa halina mzaha. Fundi alipita lango la bandari, akasimama kwenye barabara pana yenye maduka ya simu, benki na vibanda, na hapo ndipo alipotambua kwamba hajui ni hospitali ipi.

Alikwenda kulia kwa sababu watu wengi walikwenda kulia. Alipita duka la vitanda, akapita ukuta mrefu mweupe, akapita kituo cha mafuta. Jasho lilimtoka mpaka likaingia viatuni. Watoto wa shule walimpisha njia. Mwanamke mmoja alimwinukia kwenye benchi akidhani ni mgonjwa, naye akakataa kukaa, kwa kuwa akikaa asingeweza kuinuka. Hatimaye alisimama mbele ya kibanda cha muuza vocha, kijana mwenye kofia ya jua.

"Hospitali ya wazazi lazima iko mbele huko," alisema Fundi.

"Haiko."

"Basi iko kushoto, baada ya kituo cha mafuta."

"Haiko kushoto."

"Itakuwa imehamishwa."

"Mzee," alisema muuza vocha, "unauliza au unabishana?"

Fundi alisimama pale, magari yakipita. Alimwona binti yake alivyokuwa mdogo, amekaa chini ya meza ya cherehani akiokota vifungo, akimwuliza kila kitu, hiki nini, kile nini, kwa nini, na yeye akimjibu yote bila kuchoka, kwa kuwa mtoto hakujua na alitaka kujua, na hapakuwa na aibu yoyote ndani yake.

"Nauliza," alisema.

"Si ungesema? Umeipita. Ule ukuta mweupe."

"Ule mrefu?"

"Ule mrefu. Mlango uko upande wa pili. Unakwenda kuzalisha au kuzaa?"

Fundi alishaanza kurudi, na alikuwa akikimbia, kama kule kuyumba kunaweza kuitwa kukimbia.

*

Kwenye korido ya wodi ya wazazi Mama Watoto alikuwa ameketi mbele ya sanduku lililofunguliwa. Ndani yake ilionekana mito miwili myeupe yenye alama ya meli. Alikuwa ameitazama muda mrefu, akaacha kuitazama, akawa anatazama ukuta. Kando yake alisimama mkwe, amevaa suruali na fulana ya ndani. Mbele yao alisimama muuguzi.

"Mama, nimekuomba nguo za mtoto tangu azaliwe," alisema muuguzi. "Nimemfunga kwa shati la baba yake. Shati lina mafuta ya gari."

"Nilikuwa nazo, mwanangu. Naapa nilikuwa nazo."

"Na hii mito?"

"Hiyo sijui. Mito hiyo mimi sijui habari zake."

Ndipo mlango ukafunguka na Fundi akaingia ubavu. Uso wake ulikuwa umeiva, na alikuwa akipumua kwa sauti. Muuguzi alimwacha Mama Watoto akamkimbilia.

"Huyu mgonjwa wa nani? Leteni kiti cha magurudumu. Baba, uvimbe huu ulianza lini?"

"Jana mchana," alisema Fundi.

Mama Watoto aliinuka polepole. Alimtazama mumewe, akatazama mito, akamtazama mumewe tena, na kilichotokea kichwani mwake kilionekana usoni hatua kwa hatua.

"Wewe," alisema. "Umezivaa."

"Ziko kwenye bitana."

"Zote?"

"Na blanketi."

"Dada, niazime mkasi," Mama Watoto alimwambia muuguzi. "Baba Watoto, geuka."

Fundi aligeuka na kushika ukuta. Mkasi ulipita mgongoni mwake, na kazi ya mchana mzima ikafunguka. Lilitoka blanketi. Zikatoka nepi, mashati, kofia. Mkwe alisimama na mikono mbele kupokea, kama mtu anayepokea bidhaa bandarini. Koti la ndani lilikuwa limelowa, vya humo vikatundikwa dirishani. Lakini la nje lilikuwa kavu, na vilivyotoka humo vilikuwa na joto kama vimetoka kwenye pasi sasa hivi.

"Vina moto," alisema muuguzi. "Hivi ndivyo anavyovitaka."

Akavichukua akaondoka navyo.

"Mtoto gani?" aliuliza Fundi, uso bado ukutani.

Mama Watoto alisimama na mkasi mkononi. Katika maisha yao yote ya ndoa hakuwahi kumsikia akiuliza kitu chenye jibu ambalo yeye anaweza kumpa.

"Wa kike," alisema. "Amefanana na wewe. Naye ametoka ubavu."

Walipomruhusu kuingia, binti alikuwa amelala, amechoka, nywele zimemfunika paji la uso. Kitanda hakikuwa na mto. Mkwe akaleta ile miwili ya sandukuni, mmoja akauweka chini ya kichwa cha mkewe, wa pili chini ya mkono wake, na mtoto akalazwa juu yake, ndani ya shati ambalo mikono yake ilimpita kwa shibiri nzima.

Binti alifumbua macho. "Baba, mbona umelowa?"

"Nimetembea."

"Nguo kubwa, Baba."

"Nilikadiria kwa macho," alisema Fundi. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Ungependa nizipunguze, au tumsubiri akue?"

*

Jioni meli ilipiga honi na kuondoka bila wao. Nyumbani kwa mkwe, Fundi alikaa mezani na karatasi na bahasha. Mama Watoto alisimama nyuma yake.

"Andika," alisema.

Fundi aliandika: *Kwa Dada wa Mapokezi. Salamu. Katika kushuka kwetu, mito miwili ya meli ilijikuta ndani ya sanduku letu.*

"Ilijikuta?"

"Ndivyo barua za ofisi zinavyoandikwa."

"Mito ina miguu? Andika ni wewe."

Alikata. *Mito miwili ilishushwa.*

"Na nani?"

Fundi alitafuta pini kwa mkono mezani. Hapakuwa na pini. Akakata tena. *Mito miwili niliishusha mimi, mke wangu hakujua.*

"Hapo sawa. Sema tutairudisha."

"Tutairudisha vipi? Mmoja una kichwa cha mwanao na wa pili una mjukuu wako."

Hilo Mama Watoto hakuwa amelifikiria. Hospitali ilikuwa imesema siku tatu, labda nne.

Fundi alishika kalamu, akaandika polepole, kwa mwandiko wake wa darasa la jioni, herufi zikiwa zimesimama wima: *Naomba kuuliza kama mnaweza kutuazima mito hiyo mpaka binti yetu atoke hospitali. Pia naomba kuuliza ikirudishwa ipelekwe wapi, na kama ni lazima ifuliwe kwanza. Tatu, naomba kuuliza hali ya yule askari mwenye miwani, na kama mjukuu wake au mwanawe anahitaji shati, anijulishe urefu. Nitapima.*

"Maswali matatu," alisema Mama Watoto.

"Manne, ukihesabu la kufua."

Alilamba bahasha, akaibana kwa ngumi mpaka ikashika, akampa mkwe, ambaye alikuwa anakwenda hospitali kupeleka uji na angepita posta. Mkwe aliisoma anwani, akavaa viatu.

"Baba, niipeleke ya kawaida au ya haraka?"

Fundi alimgeukia mkewe na kungoja aambiwe.

"Ya haraka," alisema Mama Watoto, na mkwe akatoka nayo.